Pombe ya Bibi Harusi Iliyofika New York

Wajukuu zangu wa Biharamulo, sogeeni. Leo siwaletei sungura wala fisi. Nawaletea picha ya rangi za mafuta, na jina lake peke yake ni hadithi: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi, usiku.

Aliyeichora ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisomea sanaa Makerere, Kampala, kwa mwalimu Mwingereza, Margaret Trowell. Mama huyo hakuwa mtu wa kuweka chungu mezani ili wanafunzi wakinakili. Aliwasimulia jambo, kisha kila mmoja akalichora alivyoliona kichwani mwake. Ntiro hakuiacha njia hiyo. Hata baada ya kusoma London, katika Chuo cha Slade, mwaka 1952 hadi 1955, mkono wake ulibaki Uchagani: watu wanalima, wanavuna, wanakwenda sokoni. Mwaka 1956 akachora picha yetu hii.

Kwanza, ilivyotengenezwa. Kitambaa kinawambwa kwenye fremu ya mbao kama ngozi ya ngoma. Rangi ni unga laini uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Rangi ya maji mnayotumia shuleni hukauka maji yakiisha. Hii ya mafuta hunyonya hewa na kuwa ngumu polepole, siku hata wiki. Kwa anayechora picha ya usiku hilo ni jambo jema, maana giza halina rangi moja. Kesho yake anarudi, rangi bado mbichi, anaongeza weusi hapa, kijani pale, mpaka giza limkubali.

Sasa watazameni watu wa Ntiro. Humtambui mmoja wao kwa sura, kwa sababu hakujishughulisha na macho wala pua. Unawatambua kwa wanachokifanya, na kwa jinsi wanavyokifanya pamoja. Wako waliodhani ni upungufu wa ufundi. Mimi nakataa. Pombe ya posa haipelekwi na mtu mmoja, inapelekwa na ukoo, na Ntiro aliuchora ukoo.

Nyinyi watoto wa Kagera mnaielewa picha hii kuliko wengi walioitazama ukutani huko ng'ambo. Rubisi mnaijua: ndizi zimeivishwa, watu wanazikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, juisi inachujwa, inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa ichachuke. Mbege ya Wachaga ina njia yake. Ndizi mbivu hupikwa, zikaachwa siku kadhaa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ladha mbili tofauti, lakini kwao na kwetu, ukweni hakuendwi mikono mitupu.

Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, liitwalo MoMA, liliinunua picha hiyo. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Uhuru ulipokuja mwaka uliofuata, Ntiro akapelekwa London kuwa balozi wetu, kazi aliyoifanya hadi 1964. Baadaye alirudi kwenye utamaduni na ualimu, akafariki mwaka 1993. Picha ile yenye upana wa sentimita 50 hivi ingali mali ya jumba lile la New York.

Basi wajukuu, harusi ikitokea tena kijijini, msiende kula pilau tu. Angalieni nani kabeba mtungi, nani katangulia, nani anapokea mlangoni. Mkirudi nyumbani chukueni karatasi, mchore bila kuchungulia kitabu chochote. Halafu nileteeni niione.