Kabureta: Kusafisha au Kununua Mpya?

Pikipiki yenye miaka kumi barabarani ikianza kukataa kukaa sailensa, au ikadai choki mchana wa jua kali, ushauri wa kwanza utakaoupata kijiweni ni huu: nunua kabureta mpya. Anayeutoa hatoi hela.

Kabla hujafungua pochi, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji huzama chini ya petroli, na kutu ya tangi huonekana kama unga mwekundu. Ukiyakuta hayo, tatizo liko juu, tangini, na kabureta mpya itaziba kama ya zamani. Chujio la mafuta linalochomekwa kwenye mpira unaotoka kwenye koki ni spea ya bei ndogo mno, lakini pikipiki nyingi za zamani zinatembea bila hilo. Tazama pia chujio la hewa, kwani likijaa vumbi injini hunywa mafuta na plagi hujaa masizi meusi, kisha lawama zote hubebeshwa kabureta.

Kama kabureta kweli ni chafu, njia nafuu ni kuisafisha mwenyewe. Unahitaji bisibisi inayokaa barabara kwenye skrubu (vichwa vyake huharibika upesi), petroli safi na upepo wa kompresa. Hasara ya njia hii huletwa na waya. Jeti, yaani vipande vyenye matundu ya kupitishia mafuta, ni shaba laini, na tundu la jeti ndogo ni jembamba mno. Ukilichokoa kwa waya wa chuma unalipanua, na hakuna marekebisho yatakayolirudisha. Tuseme bodaboda inatumia lita 3 kwa siku, na jeti iliyopanuka inaongeza nusu lita. Kwa siku 26 za kazi hizo ni lita 13. Lita ikiwa shilingi 3,000, umepoteza 39,000 kwa mwezi mmoja ili kukwepa ujira wa fundi. Uzi wa nailoni ni salama zaidi. Dawa ya kupuliza nayo inafaa, ila toa kwanza mipira yote, maana huivimbisha.

Ukimpelekea fundi, mpime kwa namna anavyorekebisha. Fundi mzuri hurekebisha sailensa injini ikiwa imeshapata moto. Skrubu ya mchanganyiko huifunga taratibu hadi ikae bila kuikaza, kisha huifungua mzunguko mmoja na nusu hivi, na kuanzia hapo husikiliza mlio. Pia anajua skrubu hiyo iko upande gani: ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifunga kunapunguza hewa, ikiwa upande wa injini, kuifunga kunapunguza mafuta. Asiyelijua hilo anabahatisha kwa hela yako. Binafsi, kwa kabureta ambayo mwili wake bado mzima, ningelipia kazi hii pamoja na gasketi na oringi mpya, nisitafute kingine.

Kabureta mpya ya bei rahisi ina mvuto wake, hasa kwa pikipiki zilizoiga Honda CG125 ya mwaka 1976. Kabureta za PZ26 na PZ27 zimejaa madukani. Lakini ubora wake hutofautiana boksi kwa boksi, na jeti zilizomo huenda zisiendane na injini yako, kwa hiyo ujira wa kurekebisha utaulipa vilevile. Usikubali kuuziwa 27 badala ya 26 kwa maneno kwamba "zinaingiliana". Kabureta halisi ya kampuni iliyotengeneza pikipiki ni ghali zaidi, nayo inalipa kwa chombo kinachoshinda barabarani kutwa nzima, si kwa kile cha kwendea sokoni Jumamosi.

Kununua kuna wakati wake: nyuzi za skrubu zimekatika, au kifungulio kinachopanda ukivuta mafuta kimelika hadi kinacheza ndani ya njia yake. Hapo usafi hausaidii. Ukibadilisha, ondoka na kabureta ya zamani. Jeti zake zina namba zilizogongwa juu yake, na kama hazijachokonolewa, unaweza kuzihamishia kwenye mpya endapo nyuzi zinalingana.