Sumu ya Uyoga na Yai la Panya

Wanangu, kila mmoja wenu aliwahi kuwa seli moja tu. Hakuwa na moyo wala damu, na upana wake ulikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani ya seli hiyo zilikuwamo jeni zake zote, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, kiasi cha jeni 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Lakini karibu zote zilikuwa kimya.

Basi kazi ilikuwa ikiendeshwa na nani? Na mama. Yai lilipokuwa likipevuka kwenye ovari, mama alilijaza protini na RNA, yaani nakala za maagizo kutoka kwenye jeni zake mwenyewe, kama mzazi anayepika usiku na kukifunika chakula kabla hajadamkia shambani. Kiinitete, yaani mtoto katika siku zake za kwanza kabisa, huanza kuishi kwa akiba hiyo.

Wanasayansi walijuaje? Hapa ndipo hadithi inaponivutia zaidi. Kuna uyoga wa Ulaya uitwao Amanita phalloides, ambao umewaua watu wengi waliodhani ni wa kuliwa. Sumu yake, alfa-amanitini, hukizuia kimeng'enya kinachonakili jeni, na jeni isiponakiliwa haitoi protini. Katika miaka ya 1970 watafiti walivilea viinitete vya panya ndani ya sumu hiyo. Seli moja ikagawanyika zikawa mbili, bila shida yoyote. Kisha vikakwama hapo. Mgawanyiko wa kwanza, kumbe, hauzihitaji jeni za mtoto, unaofuata unazihitaji.

Kwa binadamu saa hiyo huchelewa kidogo. Mwaka 1988, Peter Braude, Virginia Bolton na Stephen Moore walionyesha, huko Uingereza, kwamba jeni zetu huanza kazi kiinitete kikiwa na seli kati ya 4 na 8, yaani karibu siku ya tatu. Ng'ombe husubiri zaidi, seli 8 hadi 16.

Kuziamsha si jambo dogo. DNA ya baba hufika imebanwa sana na protini ziitwazo protamini. Yai huziondoa na kuweka mahali pake protini zake lenyewe ziitwazo histoni. Kisha protini maalumu huzifuata jeni na kuzifungua. Kwa panya, mojawapo huitwa Dux, na huamsha hata mabaki ya virusi vilivyojipenyeza katika DNA ya mababu wa panya mamilioni ya miaka iliyopita! Wakati huohuo RNA za mama huvunjwavunjwa, kwa kuwa zamu yake inakwisha.

Mwaka 2000, watafiti wa Marekani walieleza habari za panya majike wasio na jeni iitwayo Mater. Wenyewe walikuwa wazima na mayai yao yalirutubishwa vizuri, lakini viinitete vyao vilisimama kwenye seli mbili, ingawa baba alikuwa amevipa jeni hiyo ikiwa kamili. Mchango wa baba ulifika umechelewa. Kilichopungua kilipaswa kuwamo ndani ya yai tangu mwanzo.

Na ndiyo maana madaktari wanaowasaidia wazazi kupata watoto kwa kurutubisha mayai maabarani huziangalia kwa makini siku hizo za mwanzo: baadhi ya viinitete vya binadamu huishia hapo, na haviendelei tena.