Pedali ya Breki Laini Kama Sifongo: Dalili Isiyofaa Kupuuzwa

Dereva atokaye upande wa Limuru kwenda Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu huteremka mteremko mrefu wa Bonde la Ufa, mpaka afike kwenye kikanisa kilichojengwa mwaka 1942 na Waitaliano, wafungwa wa vita, waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Mahali kama hapo ndipo mtu hujua kweli hali ya breki zake. Na asiyezichungua kabla ya kuanza kuteremka huenda akazijua akiwa amekwisha kuchelewa.

Breki nzuri huwa na pedali ngumu. Dereva akikanyaga, pedali hushuka kidogo, kisha husimama imara. Pedali mbovu huwa laini: mguu huzama kana kwamba unakanyaga sifongo, na motokaa huchelewa kusimama. Wengi wakiona hivyo hukanyaga upesi upesi mara mbili tatu, pedali ikapanda, nao wakaendelea na safari wakidhani mambo yamekwisha. Kumbe ugonjwa ungali pale pale, umefichwa tu.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mguu wa dereva husukuma mafuta yaliyomo katika silinda kuu, nayo hupeleka nguvu katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayakubali kushindiliwa, lakini hewa hushindilika kwa urahisi. Basi hewa ikiingia mabombani, nguvu za mguu hupotea katika kuibana hewa hiyo badala ya kuzuia magurudumu.

Adui wa pili ni maji. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu polepole. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya kufika digrii 230 za Selsiasi. Lakini yakiisha kuingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo kinachotakiwa ni digrii 155 tu. Katika mteremko mrefu breki hupata moto mkali. Mafuta yenye maji huchemka, mvuke hujaa mabombani, na pedali iliyokuwa ngumu juu mlimani huzama hata sakafuni. Breki zikipoa, pedali hurudi kuwa ngumu, na fundi asione kosa lolote. Kwa hiyo ni lazima dereva amweleze fundi kosa lilitokea wapi, na baada ya mwendo gani.

Kabla ya kununua kitu chochote, yafaa kwanza kutafuta chanzo. Motokaa isimamishwe mahali pa sawa, injini izimwe, na pedali ikanyagwe. Ikiwa hupanda na kuwa ngumu kwa kukanyagwa mara nyingi, yamkini mna hewa, au breki za nyuma zahitaji kukazwa. Ikiwa mguu umetulia juu yake nayo yazidi kushuka polepole, basi mafuta yanavuja mahali, au mipira ya ndani ya silinda kuu imechakaa. Mtu mmoja akikanyaga, mwenzake ashike mabomba ya mpira yaliyo karibu na magurudumu. Bomba livimbalo mkononi halifai tena. Tena atazame kila kiungo, upande wa ndani wa magurudumu, na chini ya pedali, kama pana umajimaji. Lakini motokaa yenye breki za kusaidiwa na injini, pedali ikishuka kidogo wakati wa kuwasha injini, hiyo si kasoro.

Uvujaji ukiisha kuzibwa, ndipo hewa hutolewa. Kazi hii yataka watu wawili. Magurudumu huwekewa mawe, na chombo cha mafuta hujazwa mafuta mapya ya daraja lililoandikwa juu ya kifuniko chake. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, lakini kitabu cha motokaa ndicho cha kufuatwa. Mpira mwembamba huvikwa kwenye skrubu ya kutolea hewa, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta ya breki. Mmoja hukanyaga pedali taratibu na kuishikilia. Mwenzake hufungua skrubu kwa nusu mzunguko, povu na mafuta yakatoka, kisha huifunga kabla mguu haujainuliwa. Hurudia hivyo mpaka povu liishe, huku wakiongeza mafuta ili chombo kisikauke na kuvuta hewa nyingine. Katika motokaa ya zamani, kipande cha ubao huwekwa chini ya pedali ili isishuke mpaka mwisho na kuharibu mipira ya silinda. Motokaa nyingine za siku hizi huhitaji chombo maalumu cha fundi.

Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kamwe. Mafuta ya injini yasitiwe hata tone moja, maana huvimbisha mipira. Tena mafuta ya breki huharibu rangi ya motokaa, basi yakimwagika yaoshwe mara moja kwa maji. Watengenezaji wengi hushauri kuyabadili yote kila baada ya miaka miwili.

Kazi ikiisha, breki hujaribiwa kwa mwendo wa polepole mahali pa sawa, wala si mlimani. Na katika kuteremka, gia ndogo isaidie kuizuia motokaa, ili breki zisiachiwe kazi yote.

Madereva hupenda kusema kuwa ajali haina kinga. Lakini pedali laini hutoa habari mapema, na dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeonywa hivyo, kisha akapakia abiria na kuelekea mteremkoni, hawezi kusema kwamba hakujua.