Ufunguo wa Boti ni Amana

Jirani yetu mmoja alitujia akilalamika kwamba mwanawe, kijana wa miaka 16, hukesha mbele ya kompyuta kwa ajili ya mchezo wa magari. Tulikwenda, tukaketi na kijana, tukamwomba atuonyeshe.

Mchezo wenyewe ni Trackmania, wa kampuni ya Nadeo ya Ufaransa, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Ramani nyingi za barabara zake hujengwa na wachezaji, na mjenzi haruhusiwi kuitoa ramani mpaka aiendeshe mwenyewe hadi mwisho. Sharti hilo lilitupendeza. Ni wangapi kati yetu huwaelekeza watoto njia tusizowahi kuzipita?

Kila siku huteuliwa ramani moja. Kijana alikuwa ameunda boti ya kuitangaza. Si boti ya kuvukia, bali programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo huwapelekea wenzake katika Discord jina la ramani, jina la mjenzi na nyakati za medali.

Kazi yake ina mpango. Kwanza huwekwa Python, isiyolipiwa. Kisha boti husajiliwa Discord, na mwenyewe hupewa ufunguo wa siri uitwao tokeni. Huongezwa maktaba ya discord.py, ndipo zikaandikwa amri. Boti hupiga hodi kwenye hazina ya ramani, hujitambulisha, huuliza mara moja na kuhifadhi majibu, isiwe mgeni wa kusumbua kila dakika.

Kosa lilikuwa moja. Aliwatumia marafiki kazi yote, tokeni ikiwamo. Aliye na tokeni huisemesha boti apendavyo. Usiku ule ikaanza kutoa matusi, na lawama zote zikamwangukia yeye. Kumbe mkesha wake haukuwa wa mchezo, ulikuwa wa hofu.

Dawa yake ni nyepesi: huombwa tokeni mpya, ya zamani ikafa papo hapo, nayo mpya huwekwa katika faili la peke yake, lisilopewa mtu. Aliyafanya hayo mbele yetu kwa dakika chache.

Mama akamwuliza, "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilichelea utaizima kompyuta, mama."

Wazazi wenzetu, kabla ya kuzima, tuketi kwanza, tuulize. Amana ya ufunguo ilipotea siku moja. Amana ya siri za watoto wetu tusiipoteze kwa ukali.