Mgeni wa Tarakilishi Asipewe Funguo Zote
Fundi aliyeko Nairobi aweza kuitengeneza tarakilishi ya mwalimu aliyeko Laiser Hill, Kajiado, bila kupanda matatu. Hiyo ni neema. Lakini kumwonyesha mtu kiwambo si kumkabidhi kipanya, wala kumkabidhi kipanya si kumruhusu kunakili faili. Ruhusa hizo zaweza kutolewa mbalimbali, na lugha yetu yazitenganisha waziwazi: kuona, kugusa, kuchukua. Alama za wanafunzi ni amana. Mkono usiowekewa mpaka waweza kuzibadili asijue mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka taarifa za mtu zitumiwe kwa kadiri ya haja tu. Basi, mwalimu, mkaribishe mgeni sebuleni. Funguo za chumbani baki nazo. Kazi ikiisha, msindikize, kisha ufunge mlango.