Mkufunzi wa Urubani Kutoka Galu: Shahada au Saa za Kuruka?

Ufuo wa Galu katika Kaunti ya Kwale, unaoendelea kusini Diani inapoishia, umezoea biashara ya ualimu. Kaskazi ikivuma, na kusi ikishika zamu yake katikati ya mwaka, vijana wa hapa huwafundisha wageni kuteleza baharini kwa kaiti, na malipo ni kwa saa. Wengine hufundisha kupiga mbizi. Mgeni haulizi shahada. Anauliza cheti, na misimu ambayo mwalimu wake amekaa majini.

Juu ya vichwa vyao inapita biashara nyingine ya ualimu ambayo Kwale haijaishika. Uwanja wa Ukunda hupokea ndege kutoka Nairobi, na watalii wake hawajui foleni ya feri pale Likoni. Ndege ndogo nazo hupaa na watu wanaojirusha kwa miavuli na kutua ufuoni Diani. Kila rubani anayeshika usukani wa ndege hizo alikaa kwanza ubavuni mwa mkufunzi, na mkufunzi huyo kwa kawaida alimpata Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, mji ambako klabu ya marubani ya Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927.

Mzazi wa Ukunda anayeambiwa na mwanawe kwamba anataka urubani, na baadaye ukufunzi, huuliza kwanza: "Utatoka na digrii?" Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa shamba likiuzwa mzazi anataka karatasi ya kushika. Lakini sheria haiulizi hivyo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, haidai shahada kwa leseni yoyote ya rubani. Inadai umri, afya iliyopimwa na daktari aliyeidhinishwa, mitihani ya nadharia, Kiingereza cha kuwasiliana na waongoza ndege, na saa za kuruka. Leseni ya binafsi huanzia miaka 17 na saa 40 hivi. Ya kibiashara huanzia miaka 18 na saa 200, ingawa kozi moja inayofululiza inaweza kuzipunguza hadi 150. Anayetaka kufundisha huongeza kozi ya ukufunzi, kisha hukaa mbele ya mtahini na kuonyesha kwamba anaweza kueleza anachokifanya huku mikono yake ikifanya.

Pesa, kwa hiyo, inaliwa na saa. Cessna 172, ndege ya viti vinne inayotumika sana mafunzoni, hunywa lita 30 hadi 35 za petroli ya ndege kila saa. Mwanafunzi akifanya saa zake 200 zote humo, atakuwa amechoma lita zipatazo 6,000 au zaidi, za mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Bado hujahesabu bima, vipuri, ada za uwanja na malipo ya mkufunzi. Ndiyo maana karo ya leseni ya kibiashara huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, wakati jirani anayesomea shahada ya biashara chuo kikuu cha umma hafikii kiwango hicho.

Shahada inapata thamani ya kisheria ukivuka bahari. Marekani, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwezi Februari 2009, bunge lao liliamua kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida hudai saa 1,500. Kanuni zilizofuata mwaka 2013 zikaacha mlango wazi: aliyehitimu shahada ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa anaweza kuingia na saa 1,000, na mwenye shahada ndogo ya miaka miwili aingie na 1,250. Saa 500 ni pengine mwaka mzima wa kufundisha. Kwa Mswahili anayekwenda huko kuna faida ya pili, ambayo mawakala wa vyuo hawaielezi vya kutosha: viza ya mwanafunzi wa chuo kikuu humruhusu kuomba kibali cha kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12 baada ya kuhitimu, na wengi huutumia mwaka huo kufundisha na kukusanya saa. Anayeingia kwa viza ya shule ya ufundi tu hupata miezi michache. Akirudi nyumbani, leseni yake ya Marekani itabidi ibadilishwe na KCAA kwa mitihani, kwa hiyo bajeti iliyoishia siku ya mahafali haijakamilika.

Afrika Mashariki ilishawahi kulishughulikia jambo hili kwa pamoja. Shule ya urubani ya Soroti, Uganda, ilianzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ili nchi tatu ziwe na marubani wao. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shule ikabaki Uganda na kila nchi ikajitafutia njia. Kenya ilikuwa na chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi, kilichoanza mwaka 1954 na sasa kiko chini ya KCAA, lakini sifa yake kubwa ni kuwafunza waongoza ndege na mafundi. Mafunzo ya kuruka yameachiwa zaidi shule binafsi. Tanzania imekipa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, jukumu la kuwa kituo cha umahiri wa mafunzo ya anga kupitia mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia. Naona huo ni mwelekeo sahihi: serikali ikibeba sehemu ya gharama, mtoto wa mvuvi naye anaingia.

Udhaifu mkubwa wa biashara hii uko kwa wakufunzi wenyewe. Wengi hufundisha ili wakusanye saa, na shirika la ndege likiita, wanaondoka. Shule inabaki na mkufunzi aliyepata leseni yake juzi, anayemfundisha atakayepata yake kesho. Hapo ndipo naipa shahada nafasi yake. Mtu aliyesomea ualimu, usalama wa anga au uendeshaji wa shule ana sababu ya kubaki na kupanda hadi mkuu wa mafunzo, na afya yake ikimnyima cheti cha daktari bado ana kazi. Ningemshauri kijana apate leseni kwanza, shahada aifuate polepole akiwa kazini.

Kuna pia suala la mahali. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Ndege kubwa ilirudi Wilson salama. Mwanafunzi na mkufunzi wake walikufa. Anga ya Wilson imejaa, na kuhamishia sehemu ya mafunzo pwani ni jambo linalostahili kupigiwa hesabu, ikiwemo hesabu ya waongoza ndege na huduma za dharura.

Kaunti ya Kwale ina mpango wa ufadhili wa Elimu ni Sasa. Naiomba itenge humo nafasi hata mbili kwa mwaka za urubani, kwa mkataba kwamba mhitimu atafundisha miaka mitatu kabla ya kuhamia shirika la ndege. Na wewe mzazi, kabla ya kulipa karo, nenda shuleni mwenyewe uulize: cheti cha KCAA kiko wapi, ndege ngapi zinaruka leo, na mkufunzi wa mwanangu ana saa ngapi?