Kioo, Tone la Damu na Jicho Lililofundishwa

Ng'ombe wa maziwa wa Bunju au Mbagala, Dar es Salaam, akiacha kula na joto la mwili likafika nyuzi 41, mfugaji anakuwa na majina matatu kichwani: ndigana kali, ndigana baridi na mkojo mwekundu. Yote matatu huenezwa na kupe na yote huanza na homa, ila dawa zake ni tofauti. Buparvakwoni inayotibu ndigana kali ni ghali, na kwa ndigana baridi haisaidii; huko inatakiwa oksitetrasaiklini. Mkojo mwekundu una dawa yake pia. Wa kumaliza ubishi huu ni fundi sanifu wa maabara ya veterinari, kama kazi yake aliisoma ikamwingia.

Kazi hiyo huanzia bandani, kabla hadubini haijawashwa. Anayeshuku ndigana kali anachoma sindano kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega na kuvuta majimaji yake. Anayeshuku mkojo mwekundu anachukua damu ya ncha ya sikio, kwa sababu vimelea vya babesia huonekana kwa urahisi zaidi katika damu ya mishipa midogo kuliko ya mshipa mkubwa wa shingoni. Mwanafunzi aliyerudi na damu ya shingoni peke yake ameshapoteza nusu ya jibu. Na ng'ombe akikutwa amekufa ghafla, damu inamtoka puani na haigandi, hapasuliwi kabisa: hicho huenda ni kimeta, na kinachochukuliwa ni tone la damu ya sikio tu, kwa glovu.

Kisha inakuja kazi ya kutandaza damu kwenye kioo, ambayo ukiitazama unaidharau. Tone dogo linawekwa karibu na ukingo, kioo cha pili kinainamishwa kati ya nyuzi 30 na 45, kinarudishwa nyuma hadi kiguse tone, kinasubiri damu isambae ukingoni, kisha kinasukumwa mbele kwa mwendo mmoja bila kusita. Utando mzuri huishia na ncha nyembamba kama ulimi, na hapo ndipo chembe nyekundu hukaa mojamoja bila kupandana. Tone likiwa kubwa, au mkono ukitetemeka, hakuna rangi wala hadubini itakayookoa kioo hicho.

Dar es Salaam ina adha yake, nayo ni unyevu wa pwani. Utando ukichelewa kukauka, chembe hujikunja na kupata vitundu vinavyong'aa, ambavyo mwanafunzi mgeni huvipokea kwa furaha kuwa ni vimelea. Methanoli ya kugandishia utando nayo, chupa ikiachwa wazi, hunyonya maji ya hewani na kuharibu chembe. Ndiyo maana kioo kinapepewa mara moja, kinafunikwa nzi wasije wakaila damu, na chupa inafungwa kila baada ya kutumika. Baada ya hapo ni rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa kama dakika 30, ikiwa imechanganywa na maji yenye pH ya 7.2.

Kwenye lenzi ya mafuta, ikikuza mara 1,000, ndipo jicho linapopimwa. Kimelea cha ndigana baridi ni nukta tu iliyojibanza pembeni mwa chembe nyekundu, na punje ya rangi isiyochujwa vizuri nayo ni nukta. Fundi mzoefu anagusa skurubu ndogo ya hadubini na kuizungusha polepole. Kimelea huonekana wazi pamoja na chembe yake na hufifia pamoja nayo, lakini punje ya rangi imekaa juu: chembe ikiwa wazi, punje inafifia, na mara nyingi inametameta. Kitabu kinaweza kulieleza hili kwa mistari miwili. Vidole vinahitaji vioo vingi, na mwalimu aliyesimama pembeni.

Ugumu huu una historia katika jiji hilihili. Mwaka 1897 na 1898 Robert Koch, mwanabakteria mkubwa wa Ujerumani, alichunguza damu ya ng'ombe hapa Dar es Salaam. Akaona vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni hatua ya ukuaji wa kimelea cha mkojo mwekundu. Miaka michache baadaye ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu kupitia Beira walifika na ugonjwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ukafyeka mifugo. Koch aliitwa huko mwaka 1903. Ni kazi yake ya huko na ya daktari wa mifugo Arnold Theiler iliyothibitisha kuwa huu ni ugonjwa wa peke yake: ndigana kali. Leo kimelea kinaitwa Theileria, na viwiliwili vya buluu vinavyotafutwa ndani ya seli za tezi vina jina la Koch. Hivyo ndivyo vinavyobeba uamuzi, kwani vimelea vidogo kwenye damu peke yake vinaweza kukutwa hata kwa ng'ombe aliyekwisha kupona.

Kwa bahati nzuri, mwanafunzi wa Dar es Salaam yuko karibu na chimbuko la ujuzi huu. Temeke ina kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, na ndiko iliko Maabara Kuu ya Veterinari, ambayo tangu 2012 iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Naamini ukaribu huo unapaswa kutumika zaidi kwa vioo. Kila mwanafunzi apewe mara kwa mara vioo visivyo na majina, ambavyo maabara kuu imeshavisoma, kimojawapo kikiwa safi kabisa na kingine kikiwa na uchafu wa rangi tu, aandike jibu lake kabla ya kuonyeshwa la kweli. Vipimo vya PCR na ELISA ni muhimu na lazima vifundishwe, lakini afisa mifugo wa kata hana mashine zake. Anaweza kuwa na hadubini.

Na mwanafunzi afundishwe kuandika majibu. Karatasi inayosema "hana ndigana" imesema zaidi ya ilichokiona. Inayosema kioo kilikuwa cha tezi ya bega, ng'ombe alishachomwa oksitetrasaiklini siku mbili nyuma, maeneo 100 yametazamwa na vimelea havikuonekana, inampa daktari wa mifugo pa kuanzia: achukue sampuli nyingine, au atume damu Temeke.